Kufuata Upepo na Mawimbi kwa Ubao wa Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na watu wanaopanga safari ya ubao wa tanga, yaani windisafingi, katika pwani ya mashariki ya Unguja na pwani ya Kenya kuanzia Diani hadi Malindi. Wengi huanza kwa kuuliza habari za upepo. Majibu mengi hapa yanarudi kwenye maji, kwa sababu katika pwani hii upepo mzuri hupatikana siku nyingi, lakini maji ya kuutumia upepo huo yana saa zake.

## Mambo ya msingi

1. Ubao wa tanga ni chombo cha namna gani, na unatofautiana vipi na kaiti?

Ni ubao wenye pezi chini yake na mlingoti uliofungwa kwa kiungo kinacholala na kuzunguka pande zote, kwa hiyo mchezaji husimama na kulibeba tanga kwa mikono yake mwenyewe. Hauna usukani. Ukililaza tanga kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, ubao unageuka na kuukimbia upepo. Ukililaza kuelekea tezi, yaani nyuma, unageuka na kuukabili. Kiungo hicho ndicho kiini cha chombo ambacho Wamarekani wawili wa California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, walikiombea hataza mwaka 1968. Mwaka 1984 mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki.

Kaiti, kwa upande wake, huvutwa na tanga linalopaa angani kwa kamba ndefu, na ubao wake una mapezi mafupi sana. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika kupanga safari, kwa kuwa mtu wa kaiti anaweza kupita kwenye maji ya magotini, ilhali pezi la ubao wa tanga linaweza kufika sentimita 30 au 40 na linahitaji maji ya kiunoni. Ushauri wa mtu wa kaiti kuhusu ufukwe fulani unaweza kuwa wa kweli kabisa kwake na usikufae wewe hata kidogo.

2. Je, mtu asiyejua kabisa anaweza kuanzia kwenye safari kama hii?

Anaweza, maadamu anajua kuogelea na anachagua majira ya upepo wa wastani. Mtu aliyewahi kukaa kwenye ngalawa ana mtaji mkubwa, kwa sababu anajua tayari upande wa goshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakokwenda upepo, na anajua kwamba chombo cha tanga hakiendi moja kwa moja kwenye upepo bali hubisha, kulia kisha kushoto, hadi kifike. Kinachobaki ni kujifunza kusimama. Mwanafunzi apewe ubao mpana wenye ujazo wa lita 180 au zaidi na tanga dogo la mita za mraba 3 hadi 4.5, na asitarajie kurudi pale alipoanzia kabla ya siku ya tatu au ya nne.

Ushauri wangu ni kwamba anayeanza asije mwezi Julai. Upepo wa kusi ukiwa umekomaa humfundisha kuanguka tu.

## Upepo

3. Ni msimu gani ulio mzuri zaidi?

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, na mabaharia wamezipangia mwaka wao kwa karne nyingi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, huanza Aprili, hukomaa Juni hadi Agosti, na huanza kulegea Septemba na Oktoba. Sababu yake ni jua na nchi kavu ya Asia: katika miezi ya kiangazi cha kaskazini bara hilo hupata joto, hewa yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi ya kusini huvutwa kwenda kujaza pengo; katika miezi ya baridi yao, mwendo huo hugeuka.

Kwa ubao wa tanga, kusi ndiyo yenye nguvu na uthabiti zaidi. Katikati ya msimu ni kawaida kupata kilomita 28 hadi 46 kwa saa, yaani noti 15 hadi 25, siku nyingi mfululizo. Kaskazi ni laini zaidi, mara nyingi noti 12 hadi 20, na ina maji ya joto zaidi na anga safi. Mtu mwenye uzoefu anayetaka tanga dogo na mawimbi achague Julai au Agosti. Anayependa kuteleza kwa utulivu kwa tanga kubwa achague Januari au Februari. Kama ningepewa mwezi mmoja tu katika mwaka, ningechukua Agosti, kwa kuwa mvua ya masika imekwisha, joto halichoshi, na upepo bado haujachoka.

Kuhusu miezi iliyo kati ya misimu, tazama swali la 15.

4. Nibebe matanga ya ukubwa gani?

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo kwenye tanga huongezeka mara nne. Ndiyo maana tofauti ya noti 15 na 20, inayoonekana ndogo kwenye simu, mikononi ni tofauti ya siku ya starehe na siku ya kupigana.

Kwa mtu wa kilo 75 aliyekwisha kuzoea, tanga la mita za mraba 6 hadi 6.5 linafaa kwa noti 15, la 5 hadi 5.5 kwa noti 20, na la 4.2 hadi 4.7 kwa noti 25. Matanga mawili kwa safari ya kusi yanatosha, la 5.3 na la 4.5. Kwa kaskazi ongeza moja la 6.5 au 7. Mtu mwepesi ashuke nusu mita, mzito apande nusu mita.

5. Kwa nini utabiri wa simu ulisema noti 12, nami nikakuta 18?

Kwa sababu programu nyingi, zikiwemo Windguru na Windy, huonyesha matokeo ya mifano ya hewa ya dunia nzima, ambayo hugawa uso wa dunia katika miraba mikubwa yenye upana wa kilomita kadhaa. Ukanda mwembamba wa mchanga, minazi na maji ya kina kifupi hupotea ndani ya mraba mmoja. Kinachokosekana zaidi ni upepo wa mchana unaotokana na nchi kupata joto kuliko bahari, ambao huongezeka juu ya kusi au kaskazi na kuipa noti kadhaa za ziada.

Tumia programu hizo kujua mwelekeo wa wiki, kisha sikiliza wavuvi kujua siku. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi: inapotoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, haikusudii kuwafurahisha wachezaji, na nje ya mwamba siku hiyo si mahali pa mtu aliye peke yake.

6. Ni saa ngapi za siku zinazofaa?

Kwa jumla, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni. Asubuhi ina mtego wake. Nchi ikiwa imepoa usiku, hewa hutoka bara kwenda baharini, na upepo huo ndio uitwao umande. Hata katika msimu wa kusi, upepo wa asubuhi mara nyingi hutokea kusini-magharibi, ukipita juu ya minazi na nyumba kabla ya kufika majini, kisha hugeuka kuwa wa kusini na kusini-mashariki jua likipanda. Ufukweni unaonekana mpole, maji yamelala kama kioo, na mita 300 mbele unavuma vizuri. Mgeni huvutiwa, huenda, na akianguka hupelekwa kwenye mwamba, mbali na watu.

Kanuni hii haina nafasi ya kujadiliwa: usitoke na upepo unaotoka nchi kavu isipokuwa kuna boti inayokusubiri na mtu anayekutazama.

## Maji

7. Kwa nini wenyeji huuliza maji kabla ya kuuliza upepo?

Kwa sababu mwamba wa matumbawe umeizunguka pwani hii kama ukuta, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji mapana ya kina kifupi. Pale Paje na Jambiani mwamba uko umbali wa kilomita moja hadi mbili. Katika bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kupwa na kujaa Unguja inakaribia mita 4. Mombasa ni pungufu kidogo. Maana yake ni kwamba ufukwe uleule ulioogelea jioni unaweza kuutembea kwa miguu kesho yake asubuhi hadi karibu na mwamba, ukiruka vidimbwi.

Kuna saa moja pale Jambiani inayoeleza jambo hili kuliko maelezo yoyote. Maji yanapoanza kuingia, kwanza huonekana mstari mweupe wa povu kwenye mwamba, kisha mchanga wenye mikunjo hung'aa, na wanawake wa mwani huanza kurudi nchi kavu wakiwa na magunia kichwani, bila haraka, maji yakiwafuata vifundoni. Wakifika magotini, anza kufunga tanga. Mlingoti ukikamilika na mkanda wa kiunoni ukiwa umefungwa, pezi lako litakuwa na maji ya kutosha.

8. Nichague siku gani za mwezi?

Hili ndilo swali linalostahili muda zaidi, na mtu akilielewa hatahitaji jedwali la maji isipokuwa kuhakikisha dakika.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Huu ndio wakati wa bamvua. Juma moja baadaye ni maji mafu, na saa zinakuwa kinyume: yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa kwenye saa kumi jioni, lakini kwa kiasi kidogo tu, kiasi kwamba hata yakipwa hayaendi mbali.

Sasa lipatanishe hilo na swali la 6. Katika bamvua, maji hurudi kuanzia saa saba au nane mchana na hujaa upepo ukiwa katika ubora wake. Asubuhi huna bahari kabisa, lakini alasiri ni kamili. Katika maji mafu huna kilele kikubwa, ila una kina cha wastani kutwa nzima. Siku mbaya ni zile zinazofuata bamvua, wakati maji bado yanapwa sana lakini saa ya kupwa imekwisha kusogea hadi saa saba au saa nane mchana. Upepo unakuja na kukukuta umesimama juu ya mchanga.

Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu anayo hesabu mkononi. Alasiri nzuri za bamvua ziko kuanzia tarehe 28 hadi 1, na tarehe 13 hadi 16. Maji mafu ya kutwa nzima yako karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Tarehe 3 hadi 5, na 18 hadi 20, zitumie kwa mapumziko au kwenda mjini. Ukiweza kupanga safari ya siku kumi, ianze siku mbili kabla ya mwezi mpevu, kwa kuwa utapata alasiri za bamvua mwanzoni, mapumziko katikati mwili ukiwa umechoka, na kutwa nzima za maji mafu mwishoni.

9. Mawimbi yako wapi?

Ndani ya mwamba, maji yakiwa ya wastani, bahari ni tambarare na inafaa mwendo wa kasi. Maji yakijaa sana, mawimbi hupanda juu ya mwamba na ndani huwa na vigongo vifupi vinavyochosha magoti. Mawimbi yenyewe, yale yenye sura na mgongo, huvunjika kwenye ukingo wa nje wa mwamba na kando ya milango, yaani mapengo yanayopitisha vyombo.

Kutoka nje kupitia mlangoni ni kazi ya aliyekwisha kujua kuanza akiwa ndani ya maji bila kusimama kwanza kulivuta tanga. Toka maji yakijaa, rudi kabla hayajaanza kutoka kwa nguvu, kwa sababu maji yote ya ndani hutafuta mlango huohuo na mkondo wake hukuvuta nje. Zaidi ya hapo, nje ya mwamba kuna mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaokwenda kaskazini, na katika msimu wa kusi huwa na nguvu zaidi kwa kuwa unasukumwa na upepo. Anayepotelea nje Paje atafutwe upande wa Bwejuu na Michamvi.

## Mahali

10. Niende Paje, Jambiani, Diani au Malindi?

Paje na Jambiani zinaelekea mashariki. Ukisimama ukiitazama bahari, kusi inakuja kutoka mkono wa kulia na kaskazi kutoka kushoto, zote zikielekea kidogo nchi kavu, na huo ndio mwelekeo salama kuliko wote. Paje imejaa kaiti, hasa Julai na Agosti na tena Januari. Mtu wa ubao wa tanga atapumua vizuri zaidi Jambiani.

Diani ina mwamba ulio karibu zaidi na ufukwe kuliko Paje, kwa hiyo mawimbi hayako mbali. Malindi ni habari nyingine. Ghuba yake iko wazi zaidi kwa bahari na mawimbi huingia hadi ufukweni, lakini Mto Sabaki unamwaga maji yake jirani, na baada ya mvua bahari hugeuka rangi ya udongo hata usione kilicho chini yako.

11. Dar es Salaam je?

Kwa kaskazi, Ghuba ya Msasani inafaa, kwa sababu inafunguka upande wa kaskazini. Kwa kusi, rasi ya Masaki huukata upepo, unafika kwa vishindo na kukupeleka nje. Vuka uende ufukwe wa Kigamboni.

## Vifaa

12. Nije na vifaa vyangu au nikodi?

Kama unatoka nchi jirani kwa gari, njoo navyo. Kama unapanda ndege au boti kutoka Dar es Salaam, uliza kwanza, kwa maandishi, kama mlingoti wa zaidi ya mita 2 hata ukiwa vipande viwili unakubaliwa, na bei yake. Vituo vingi vya pwani hii vina kaiti nyingi na mbao za tanga chache, kwa hiyo kabla ya kulipa omba kuambiwa lita za ubao na mwaka wa matanga. Jua la hapa huyakausha matanga hadi yakapasuka kama karatasi.

Hata ukikodi, beba pezi lako fupi la sentimita 20 hadi 24. Kwenye maji ya chini litakupa saa moja zaidi ya kucheza kila siku. Vazi zito la baridi halihitajiki, kwa kuwa bahari haishuki sana chini ya nyuzi 25 hata Agosti. Shati la mikono mirefu la kuzuia jua na viatu vya mpira vinatosha.

## Watu wa pwani na usalama

13. Vile vijiti vinavyoonekana majini ni vya nini?

Ni mashamba ya mwani. Kijiti kinaitwa mambo, na kati ya mambo na mambo hupita kamba iliyofungwa miche kwa vipande vidogo vya kamba viitwavyo taitai. Ni mali ya mtu, na mara nyingi ni mali ya mama anayesomeshea watoto wake. Maji yakijaa vijiti havionekani, kwa hiyo tembea ufukweni wakati maji yamepwa na uyaweke mashamba kichwani.

Mwaka mmoja pezi langu lilizoa kamba mbili pale Jambiani. Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuwa akinitazama tangu mwanzo. Nilimwamkia, nikaomba radhi, nikalipa thamani ya mwani uliopotea, na kesho yake asubuhi, maji yalipopwa, nilikwenda kumsaidia kufunga upya. Alinionyesha jinsi ya kuiacha taitai legevu ili mche upate nafasi ya kunenepa. Kamba moja ilituchukua karibu nusu saa. Tangu hapo sipiti juu ya shamba hata maji yakiwa kifuani.

Wavuvi nao wapishwe daima. Ngalawa yenye nyavu haiwezi kugeuka upesi, nawe unaweza. Kati ya wachezaji, anayepata upepo kutoka mkono wa kulia ana haki ya njia, na aliye demani ana haki mbele ya aliye goshini. Vijiji hivi ni vya Waislamu, kwa hiyo ukitoka ufukweni kuingia kijijini, jifunike mabega na magoti, na katika Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana.

14. Upepo ukikata nikiwa mbali, au nikichomwa na kitu, nifanye nini?

Usiuache ubao. Ubao unaelea na unaonekana, kichwa cha muogeleaji hakionekani. Lala juu yake, lilaze tanga nyuma yako, piga makasia kwa mikono kuelekea nchi kavu kwa mshazari badala ya kushindana na mkondo. Ukiona chombo, kaa, inua mikono yote miwili na kuishusha polepole, tena na tena. Kama tanga linakuzuia kabisa, lifungue na uliache liende.

Ukikanyaga miiba myeusi ya wanyama wanaokaa kwenye matumbawe, au ukichomwa na samaki aitwaye taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa maana joto hupunguza maumivu ya sumu. Kisha nenda kituo cha afya, hasa kama mwiba umebaki ndani au kiungo kinavimba.

## Mambo ya pembeni

15. Nimepata likizo Aprili au Novemba tu. Nije?

Ni majira ya tanga mbili, upepo haujaamua unatoka wapi, na Aprili hadi Mei kuna mvua kubwa ya masika. Mwenye lengo la upepo asije Aprili. Novemba ni nafuu kidogo, na kwa anayejifunza (tazama swali la 2) upepo wake mwepesi una faida.

16. Ubao wenye foili, yaani bawa la chini ya maji linaloinua ubao, unafaa hapa?

Unafaa kwa upepo mwepesi wa kaskazi, lakini nguzo ya foili huwa na urefu wa sentimita 75 hadi 95, nawe umekwisha kusoma swali la 7. Utumie saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, si zaidi, na usiuguse katika sehemu usiyoijua chini yake.

17. Je, ninaweza kusafiri kwa ubao kutoka Jambiani hadi Bwejuu?

Unaweza, nami naiona kuwa siku bora kabisa inayopatikana katika pwani hii. Ni mwendo wa takriban kilomita 10, wote ndani ya mwamba, na kusi inakusukuma kutoka nyuma kwa mshazari, kwa hiyo huhitaji kubisha. Chagua siku ya bamvua, ondoka saa tisa alasiri, pita upande wa nje wa mashamba ya mwani, na ukifika Paje kaa mbali na kaiti, kwa kuwa kamba zao ni ndefu kuliko unavyodhani. Nendeni wawili. Kurudi kwa ubao dhidi ya upepo kutakukutisha na giza, kwa hiyo patana mapema na mwenye gari akungoje Bwejuu, na mwonyeshe kwa mkono, mkiwa bado ufukweni Jambiani, urefu wa mlingoti utakaopakiwa.